Siku Bwana Jambia Aliponyolewa Masharubu

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo nzi alikuwa bado hajajifunza kusugua mikono kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau, wadudu walikuwa na nyumba zao, majiko yao, na majirani wa kuwasema. Kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, mwachie mwenzio sikio lake, sikiliza kwa la kwako.

Ukingoni mwa shamba la mtama palikuwa na mti uliooza tumbo, na ndani ya tumbo hilo walikaa nyuki. Mama mwenye nyumba aliitwa Bi Mwatumu. Alikuwa malkia, lakini msidhani ni malkia wa kukaa akipepewa. Kazi yake ilikuwa kuzaa. Asubuhi anazaa, mchana anazaa, akipiga chafya anazaa. Watoto wa nyuki huitwa majana. Ni weupe, wanono, hawana miguu wala mabawa, na wanajua mambo mawili tu: kula na kulia. Kila mmoja hulala kwenye chumba chake kidogo cha nta.

Sasa mwaka huo jua liliwaka kama limetukanwa. Nta ikaanza kulainika. Ikilainika vyumba vinapinda, na vikipinda vinaanguka, na majana hawana miguu ya kukimbilia.

Nyuki wana dawa moja ya joto, nayo ni maji. Huyachota, huyabeba tumboni, huyanyunyiza ndani ya nyumba, kisha hujipanga mlangoni na kupiga mabawa, vuuu, vuuu, mpaka nyumba inapoa. Lakini maji yalikuwa yamebaki mahali pamoja tu, dimbwi dogo nyuma ya shamba. Juu ya dimbwi palikuwa na kijiti kikavu. Na juu ya kijiti alikaa Bwana Jambia.

Bwana Jambia alikuwa nzi jambazi. Mnacheka nini? Ndio kabila lake. Mwili mrefu, kiuno chembamba, miguu ya miiba, macho makubwa yanayoona mbele, nyuma na kwa jirani. Mdomo wake ulikuwa mgumu na mkali kama jambia lililochomolewa alani. Kitu kikipita kinaruka, chwap! amekidaka angani. Tchk! amekidunga. Halafu anarudi kijitini polepole, anafyonza kama mtu anayekunywa dafu, na ganda analitupa chini.

Na masharubu! Jamani, masharubu! Usoni pake palikuwa na kichaka cha nywele ngumu kilichoanzia kwenye paji na kuishia mdomoni. Alikichana asubuhi, akakichana jioni, na katikati ya hapo alikuwa akijitazama kwenye dimbwi.

Basi siku hiyo, jua la saa sita, Mashavu aliingia nyumbani akiyumba. Mashavu alikuwa nyuki mchota maji. Bawa lake moja lilikuwa limechanika.

"Mama, nimerudi mtupu," akasema.

"Na dada zako?" akauliza Bi Mwatumu.

Mashavu akatazama chini. "Bwana Jambia amewadaka." Nyuma ya Bi Mwatumu, chumba kimoja cha nta kikafanya nyeee, kikapinda. Mtoto aliyekuwa ndani akaanza kulia, na wenzake wote wakamsaidia.

"Nitakwenda mimi," akasema Bi Mwatumu.

"Mama, wewe na tumbo hilo? Huwezi hata kupita mlangoni!"

"Basi nyumba itaanguka tukiwa tumekaa tunatazamana?"

Hapo sauti nyembamba ikatoka kwenye ufa wa gome, chini kabisa. "Hodi hodi! Samahani kwa kusikiliza ya nyumba ya watu. Nta yenu imeanza kunidondokea kitandani."

Huyo alikuwa Kipini. Kipini alikuwa usubi. Ukimweka usubi juu ya punje ya mtama, punje inaonekana kubwa. Kazi yake ilikuwa unyozi. Nyuki wana manyoya mengi, na manyoya yanataka kupunguzwa, na Kipini alikuwa na wembe wake wa ncha ya jani kali la mkakaya. Tena alikuwa na tabia moja asiyoificha: alikuwa mdoezi. Bwana Jambia akila, Kipini alikuwa akimpanda mgongoni na kulamba yaliyodondoka.

"Wewe!" Mashavu akamwakia. "Si ndiwe unayekula na yule muuaji?"

"Nakula kwake, nalala kwenu," akajibu Kipini. "Nta ikianguka, wa kwanza kuzikwa ni mimi wa chini. Bi Mkubwa, shikamoo. Unataka maji kiasi gani?"

"Marahaba. Ya kutosha nyumba nzima."

"Basi nyuki wako wote waje kwenye harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya Bwana Jambia. Wakisikia naimba, waje na vigelegele, wachote, warudi, wachote tena. Mtu asikae kimya. Mkikaa kimya mtakufa."

Mashavu akamgeukia Bi Mwatumu. "Mama, huyu joto limempanda kichwani."

"Hata mimi limenipanda," akasema Bi Mwatumu. "Nendeni."

Kipini akaondoka, akatua kwenye kijiti. Bwana Jambia alikuwa kama kawaida yake, amejiinamia anajitazama majini.

"Shikamoo Bwana Jambia!"

"Marahaba. Umechelewa, nimeshakula. Ganda liko chini, kalambe."

"Leo sikuja kula, bwana. Nimekuja na habari. Nakuomba ushike kijiti vizuri usianguke."

"Nimeshika."

"Shika kwa miguu yote."

"Nimeshika yote! Sema!"

"Binti Zumaridi amekukubali."

Bwana Jambia akaanguka. Kwa kweli alianguka, pu! mpaka kwenye tope, akarudi juu anahema. Maana Binti Zumaridi alikuwa nzi jambazi wa ng'ambo ya shamba, mkubwa, mwenye mabawa ya kung'aa, na Bwana Jambia alikuwa ameshapeleka posa huko mpaka washenga wamekwisha. Wamekwisha kwa sababu Binti Zumaridi aliwala.

"Amesema nini? Amesemaje? Anza mwanzo."

"Amesema, 'Yule wa kijitini, mwenye sura. Aje leo.' Lakini kwao ni watu wa mila, bwana. Bwana harusi asiyenyolewa hapokelewi."

"Kunyolewa?" Bwana Jambia akashika masharubu yake. "Kunyolewa nini?"

"Si kunyolewa hasa. Kutengenezwa. Bwana harusi anakaa kitini, anafunikwa shuka, anafumba macho, ndugu wanamzunguka wanaimba na kumtuza. Hapo ndipo watu wanajua huyu ni mtu mwenye watu. Ndugu zako wako wapi niwaite?"

"Sina ndugu."

"Hata mmoja? Si ulikuwa na kaka?"

"Nilikuwa naye."

"Na shangazi yako je?"

"Alipita hapa Ijumaa." Bwana Jambia akajikuna. "Alipita anaruka."

"Basi nitakutafutia watu wa kukodi," akasema Kipini. "Kaa hapa, kitako. Miguu ikunje. Shuka hii." Akamfunika kwa gamba jembamba la kitunguu lililopeperushwa na upepo kutoka shambani, akalizungusha mpaka shingoni, akalibana kwa mwiba. "Sasa nikwambie masharti. Bwana harusi hafungui macho. Bwana harusi hasimami. Bwana harusi akisimama kabla kinyozi hajasema 'hongera', posa imevunjika na bibi harusi anaolewa na mwingine."

"Mwingine nani? Nimle?"

"Fumba macho, bwana!"

Akafumba. Kipini akamtandika usoni povu la utomvu, akanoa wembe, kwaru, kwaru, akaimba kwa sauti yote aliyopewa na Mungu:

"Kinyozi nyoa taratibu, huyu wetu ni wa pekee!"

Na kutoka kwenye mti, nyuki wakatoka. Mbele Mashavu na bawa lake lililochanika, nyuma nyumba nzima. Walikuwa wanatetemeka kwa hofu, na nyuki akitetemeka analia vizuri zaidi. Vuuuu! Lelelelele! Dimbwi lote likawa ngoma.

Miguu ya Bwana Jambia ikashtuka chini ya shuka. "Kipini, nasikia kitu kinaruka."

"Wageni, bwana."

"Wanaruka karibu sana."

"Wanakucheza! Ulitaka wakucheze wakiwa nyumbani kwao?"

"Wana sauti ya nyuki."

"Ni kwaya ya nyuki, wa kuimba ndio hao. Ulitaka nikuletee konokono?"

Bwana Jambia akameza mate. Mguu mmoja ukachomoza nje ya shuka, ukanyooka, ukaanza kutafuta. Kipini akaupiga kwa mpini wa wembe. Ta! Mguu ukarudi ndani.

Nyuki wakachota. Wengine wakaondoka matumbo yamejaa, wengine wakafika. Chini walikuwa wanainama kunywa, juu wanapiga vigelegele, na ilibidi wapeane zamu, kwa kuwa huwezi kunywa na kupiga kigelegele kwa pumzi moja. Jaribuni wenyewe nyumbani, ila msijaribu na chai.

Kipini alikuwa ananyoa. Upande wa kulia, kwaru. Sharubu moja ikaanguka majini, na nyingine ikaifuata.

"Unapunguza tu, eti?" akauliza Bwana Jambia.

"Napunguza tu. Usiongee, nitakukata."

Wakati huohuo, nyuki mmoja mchanga aliyejaza kupita kiasi akapita juu yao. Tumbo likamshinda. Pwaa! Maji yote yakamwagika kichwani mwa Bwana Jambia.

Dimbwi lote likanyamaza. Hakuna aliyepiga bawa. Mashavu akatua kwenye jani, akajisemea moyoni kwamba basi, hapa ndipo tunapokufa.

"Nini hiyo?" akauliza Bwana Jambia. Miguu yote ilikuwa imekakamaa.

"Marashi!" Kipini akapiga kelele. "Wamekunyunyizia marashi, bwana harusi! Mbona wageni mmenyamaza? Haya, vigelegele!"

"Lelelelelele!"

"Hayanukii kitu," akasema Bwana Jambia.

"Marashi ya ukweni hayanukii mpaka ufike ukweni."

Bwana Jambia akatabasamu. Akanyoosha shingo. "Waambie wanyunyize tena."

Wakamnyunyizia tena. Mnawaonea huruma nyuki? Wanammwagia kichwani muuaji wa dada zao maji ambayo watoto wao wanayalilia. Walimmwagia kidogo, wakabeba mengi. Kule mtini, mabawa yalikuwa yameshaanza kazi mlangoni, na Bi Mwatumu alikuwa anapita chumba kwa chumba, anagusa kuta kuona kama zimekaza. Upande wa juu ulikuwa umepoa. Upande wa chini, wenye majana wadogo kabisa, ulikuwa bado.

Upande wa kushoto, kwaru, kwaru. Ikabaki sharubu moja katikati, imesimama kama mti wa bendera.

Hapo kivuli kikapita. Brrrrm. Mtu akatua kwenye jiwe la pembeni, na kishindo kikasikika.

Alikuwa Binti Zumaridi mwenyewe.

Alikuwa amekumbatia panzi, amemdunga shingoni, anafyonza. Akatazama nyuki wote wale, na kama asingekuwa ameshika panzi mzima, habari ingeishia hapa na ningewatuma mkalale. Akachomoa mdomo, akajifuta.

"Kuna nini hapa?" akasema. "Kelele zimefika mpaka kwangu."

Bwana Jambia aliijua sauti ile. Macho yalikuwa yamefumbwa, sharti ni sharti, lakini uso wote uling'aa. "Mpenzi! Umekuja!"

"Nani mpenzi?"

Kipini akaruka katikati. "Bibi, umekosea njia, bibi harusi hatoki nje siku ya harusi! Rudi ndani, ni aibu!"

"Harusi ya nani?"

"Yako!" akasema Bwana Jambia kutoka ndani ya gamba la kitunguu.

"Mimi?" Binti Zumaridi akamsogelea akimburuta panzi wake. "Mimi niolewe na nani?"

"Na mimi! Si umenikubali? Si umesema, 'Yule wa kijitini, mwenye sura'?"

"Sura gani? Wewe ni nani? Kipini, huyu ni buu wa nini?"

"Ni Bwana Jambia, bibi."

"Jambia wa masharubu? Muongo. Huyu uso kama yai la mjusi!"

Kwaru! Kipini akamalizia ile sharubu ya mwisho, maana kazi ni kazi, akasema haraka haraka, "Hongera bwana harusi!" na kabla neno halijaisha alikuwa ameshafika mbali.

Bwana Jambia akafungua macho. Akamwona Binti Zumaridi. Akaona nyuki wamejaa dimbwini, matumbo kama mitungi. Akatazama majini. Uso mweupe, mtupu, uliovimba kidogo kwa wembe, ukamtazama.

"MASHARUBU YANGU!"

Binti Zumaridi alicheka mpaka panzi akamdondoka. Akamwokota, akampangusa vumbi, akaruka zake huku anacheka, na kicheko chake kilisikika mpaka ng'ambo ya shamba.

"Kimbieni!" Mashavu akawapigia kelele wenzake. Nyuki wakapaa wote kwa pamoja. Bwana Jambia akapasua gamba la kitunguu, praa! akaruka nyuma yao. Wenzake walikuwa na mabawa mazima. Mashavu alikuwa na bawa moja bovu na tumbo limejaa maji ya upande wa chini.

"Tema maji!" wakampigia kelele. "Mashavu, tema upae!"

Mashavu hakutema.

Chwap! Bwana Jambia akamdaka angani. Akamkumbatia kwa miguu ya miiba, akainua kichwa amdunge.

Sasa nisikilizeni. Mdudu akikamatwa anarusha mateke, na nzi jambazi ana uso laini na macho makubwa. Masharubu yale hayakuwa ya harusi wala ya kujitazama majini. Ndiyo yaliyokuwa yakipokea mateke ya kila aliyekamatwa, siku zote, na Bwana Jambia hakuwahi kujua, kwa sababu hakuwahi kupigwa.

Mashavu akapiga teke. Pa! Likatua jichoni.

"Aaah!"

Pa! pa! Jicho la pili, halafu pua, halafu jicho la kwanza tena ili lisijione limesahauliwa.

"Niache! Wewe, niache!"

"Si wewe uliyenishika!" Mashavu akamjibu, akaongeza lingine. Pa!

Bwana Jambia akaachia mikono yote, akashika uso, na mwenye kushika uso huku anaruka hajui anakokwenda. Akagonga bua la mtama, akateremka nalo mpaka chini, chrrrrr. Mashavu akashuka karibu na ardhi, akajikusanya, akapaa polepole kuelekea nyumbani, anayumba huku na huku, lakini tone hata moja halikumtoka.

Bi Mwatumu alimpokea mlangoni. Alimwelekeza upande wa chini, na Mashavu akayamwaga yote, na nyuki wakapiga mabawa, vuuu, vuuu. Nta ikaacha kulia nyeee. Majana wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, wakalala midomo wazi.

Bwana Jambia alirudi kijitini kesho yake. Akadaka kipepeo, akapigwa kofi la bawa. Akadaka mende, mende akamkanyaga pua. Siku chache baadaye akahama, na waliomwona njiani wanasema alikuwa anatembea kwa miguu, amejifunika jani usoni. Wachota maji wakawa wanakwenda na kurudi wanaimba, safari hii kwa kupenda.

Bi Mwatumu akamwita Kipini. "Mwanangu, nikupe nini?"

"Umenipa kitanda kikavu, Bi Mkubwa, kinatosha. Ila hawa watoto wako wakiamka wote kwa pamoja, nitahama mimi pia."

Nami nimefika mwisho wa kamba yangu. Chukueni funzo mnapotoka, liko mlangoni: mwenye nguvu anayependa sifa haburutwi na mtu, hukaa mwenyewe kwenye kiti cha kinyozi na kufumba macho.